Nakala Mbili za Maelezo Yangu

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii anakuletea shemeji mkononi, na bahasha nimeipiga gundi mara mbili kwa sababu mumeo namjua, hawezi kukaa na barua ya mtu safari nzima asijue ina nini. Ukikuta imechanwa, muulize yeye. Mimi huku mwili hauna neno. Wewe je? Pua imetulia kabisa? Yale madoa ya paja yanafifia, au yanaongezeka? Vidonge naomba unywe kama walivyokuandikia pale hospitali mliyokimbilia wiki iliyopita, nusu kidonge jioni, na si kama nilivyokuwa nakwambia mimi. Fuata maneno yao, yangu yaache. Mama naye magoti yanamwendaje? Na wanao, yule mkubwa ameacha kugombana na mwalimu wa hesabu?

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati tunaongea kwenye simu karibu kila siku. Nimejaribu kukwambia kwenye simu mara tatu. Mara ya kwanza ulinikatiza ukaanza kunisimulia habari za bibi harusi aliyenenepa wiki moja kabla ya harusi, gauni likagoma kufunga, nikacheka mpaka ujasiri wote ukaniisha. Mara ya pili Mama alikuwa karibu yako. Mara ya tatu ukanishukuru kwa jinsi ninavyokuangalia, nikakata simu, nikasingizia mtandao. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza wala kunishukuru. Basi cherehani iache kidogo, kaa chini, usome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu.

Nianzie mwaka jana. Nilikwambia sikupata nafasi ya kusomea ubingwa kwa sababu nafasi zilikuwa chache. Ukweli ni kwamba hospitali zote sita nilizoomba zilinikataa, tena kwa maneno yaleyale, hata mkato ulikuwa mahali palepale. Nikarudi kwenye chumba changu cha wagonjwa wa nje, mwaka wa nne sasa, chumba kisicho na dirisha, mgonjwa akitoka mwingine anaingia kabla kiti hakijapoa. Kila mwenye kifua cha kubana nilimwandikia rufaa aende kwa wanaojua. Na wewe huko ukawa unawaambia wateja wako kwamba mdogo wako anakwenda kuwa daktari wa kupasua mioyo. Yupo mmoja aliyepiga simu akitaka nimpasue mama mkwe wake. Nilicheka mbele yako, dada, lakini siku ile nilijifungia chooni kazini nikalia kama mtoto.

Mwaka huu dirisha la maombi lilipofunguliwa nikajiapiza kwamba safari hii simwachii mtu sababu ya kunikataa. Hujawahi kuuona ule mtandao wa maombi, na usiuombe. Kila sehemu ina alama nyekundu, na haigeuki kijani mpaka ujaze wanavyotaka wao. Picha yangu ilikataliwa mara tatu eti masikio hayaonekani, ikabidi nibane nywele nyuma, nikatoka kama mtu aliyekamatwa. Vyeti vyote vinatakiwa viwe faili moja, na faili hilo lisizidi ukubwa fulani, kwa hiyo nilikuwa mgeni wa kila siku wa karani wa masjala, kwa kuwa ndiye pekee mwenye mashine ya kuskani. Halafu kuna wadhamini watatu. Kila mmoja anatumiwa kiungo kwenye barua pepe, na kiungo kinakufa baada ya siku kumi na nne. Mdhamini wangu wa tatu ni yule daktari mzee aliyenifundisha kushona kidonda, na barua pepe kwake ni kitu cha kusikia tu. Nilikwenda ofisini kwake, nikamfungulia, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Akaniamuru nitazame ukuta, kwa sababu udhamini ni siri, huku yeye mwenyewe akilisoma kwa sauti kila neno analoliandika. Ndivyo nilivyojua kwamba mimi ni mchapakazi ila ninapenda njia za mkato.

Nikabakiwa na alama moja nyekundu, ya maelezo binafsi. Hapo unaandika kwa nini unataka ubingwa huo na si mwingine, kwa herufi elfu nne, na nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Ninaye daktari mwenzangu wa wodi ya watoto tunayemwita Mhariri, kwa sababu kila anayeomba nafasi lazima ampelekee maelezo yake ayasome. Aliyasoma yangu ya mwaka jana akasema yanasomeka kama karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Akaniuliza, kwa nini moyo? Nikamweleza habari zako. Alisikiliza bila kunikatiza, akasema basi andika hayohayo uliyoniambia.

Nikayaandika. Niliandika ule mwaka ulipokuwa huwezi kupanda ngazi za nyumbani bila kukaa katikati, ukawa unalala umeketi, na unavuta pumzi huku mguu uko kwenye pedali ya cherehani. Niliandika tulivyokwenda hospitali kuu, wakasema mlango mmoja wa moyo hauzibi, lazima wakuwekee wa kutengenezwa. Nikaandika na lile swali lako. Profesa alikuja kitandani kukueleza upasuaji, na wewe, badala ya kuuliza kama utapona, ukamuuliza anashona kwa uzi gani. Na alipokuja kutazama kidonda siku ya tano ukamwambia mshono wa juu ameubana na wa chini ameulegeza, na kwamba mwanafunzi wako angekuletea kazi hiyo ungemfumulisha. Alicheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa na sketi ya shule, nimesimama kwenye ncha ya kitanda, na ndipo nilipoamua nataka kuwa kama yule mzee. Hilo ni kweli tupu, na liko kwenye nakala zote mbili.

Ndiyo, nilitengeneza nakala mbili. Mhariri aliisoma ya kwanza, akasema ni nzuri sana. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba wasahihishaji wanasoma maelezo mia tatu, na ndugu waliopona humo ni wengi. Simsingizii, dada. Hakuniambia niongeze wala nipunguze kitu. Alisema hivyo tu akaenda zake wodini. Mimi ndiye niliyekwenda chumbani kwangu nikafungua kompyuta nikaandika ya pili. Tofauti yake nitakwambia, usiniharakishe.

Mtandao unaruhusu kila hospitali ipelekewe maelezo yake. Nia yangu ilikuwa ile nakala ya kwanza iende hospitali kuu, kwa kuwa pale wanakujua, na ya pili iende zile tano nyingine. Nikaziita faili hizo Maelezo ya Mwisho na Maelezo ya Mwisho Kabisa. Ndiyo akili ya dada yako mdogo hiyo. Siku ya kuziambatanisha nilikuwa masjala, saa ya chai, karani amesimama nyuma yangu na kikombe anataka kiti chake. Mara sita unachagua hospitali, mara sita unachagua faili, na kinachoonekana ni jina la faili tu. Nikamaliza. Likaja sanduku la mwisho linalosema ninathibitisha kwamba yote niliyoyaandika ni ya kweli, na kwamba nikishathibitisha siwezi kubadili chochote. Nikatia tiki. Sikusita hata kidogo, na siku hizi hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Zile tano zilinikataa ndani ya wiki tatu. Ikabaki hospitali yako, nayo ikaniita kwenye usaili. Nilipokupigia ulipiga kelele mpaka mteja akadhani umejishona kidole. Mimi nilifurahi mara mbili, kwa sababu nilijua pale wanayo ile nakala ya kweli. Nikajiona nimeponea chupuchupu. Nikajisemea kwamba nimetaka kufanya ubaya, ubaya wenyewe umekataliwa huko kote, na ukweli ndio umepokelewa. Na wewe ukanituma, nikimwona Profesa, nimwambie uzi wake bado umeshika.

Usaili ulikuwa ghorofa ya tatu, chumba chenye meza ndefu na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Walikuwa wanne. Profesa alikaa mwisho wa meza, nywele sasa zote nyeupe. Salamu zako nilikuwa nazo mdomoni, nasubiri tu wanikaribishe kiti. Nikakaa. Profesa akavua miwani, akaweka karatasi zangu chini, akasema kabla ya swali lolote angependa anipe pole. Akasema anamkumbuka vizuri yule mshonaji. Kwamba alipofika mwisho wa ukurasa wangu ilibidi anyanyuke akatembee kwenye korido, kwa sababu miaka yote hii alikuwa anajua umepona.

Dada, kwenye nakala ya pili nilikuua.

Nilifuta pale uliporudi kwenye cherehani. Nikaandika kwamba siku ya kumi na moja baada ya kuruhusiwa ulianguka jikoni, na hukuamka. Nikaandika kwamba sketi yangu ya shule ilikuwa kwenye cherehani haijapindwa, na kwamba niliivaa hivyohivyo, imeshikizwa kwa pini, siku tuliyokuzika. Niliandika vizuri. Sijawahi kuandika kitu vizuri namna ile, na nilipomaliza nilikulilia machozi ya kweli, kisha nikahesabu herufi nikakuta zimebaki kumi na mbili. Hiyo ndiyo nakala niliyoipeleka hospitali yako. Niliambatanisha Mwisho Kabisa mahali pa Mwisho.

Bado ningeweza kusema. Pale mezani wote wanne waliinamisha macho kwa heshima yako, na wakati ule mtu mwenye utu angefungua mdomo akasema samahani, nimekosea, dada yangu yu hai, asubuhi hii amenipigia simu kunitakia heri. Mimi nikasema asante, Profesa. Mwanamke mmoja mwenye kalamu akaniuliza kwa upole ilikuwa tarehe gani, kwa ajili ya kumbukumbu zao. Nikatafuta tarehe kichwani, ikanijia ya kwanza tu, nikaitaja, akaiandika. Ilikuwa tarehe ya harusi yako.

Siku mbili baadaye Profesa akanipigia mwenyewe. Alikuwa ameagiza faili lako. Mafaili ya waliofariki yanawekwa stoo ya chini, na ya wanaohudhuria kliniki hukaa kwenye kabati la nesi. Aliwatafutisha watu siku mbili nzima huko chini, na bila shaka hawakuona kitu, kwa sababu faili lako liko kabatini, milango miwili tu kutoka ofisini kwake. Alilitaka kwa sababu alikuruhusu siku ya tisa, kitanda kilikuwa kinahitajika, na alitaka kujua ni kitu gani hakukiona. Akaniuliza kama ulikuwa na homa ulipofika nyumbani. Nikasema hapana, ilikuwa ghafla. Akaniomba msamaha, dada. Mzee yule, ambaye kazi yake ndiyo inayokufanya usome barua hii, akaniomba mimi msamaha.

Nafasi ikatoka. Wanakupa siku saba za kufikiri, nami nikabonyeza kukubali kabla sijafika mwisho wa ujumbe. Mama akatangaza mtaa mzima. Na palepale nikakumbuka kwamba miadi yako ya mwaka imekaribia, na kwamba mwaka huu, baada ya miaka yote ya kuonwa na wasaidizi wake, ulipangiwa kuonwa na Profesa mwenyewe.

Sasa unajua kwa nini nilikwambia kliniki inafanyiwa ukarabati. Hakuna ukarabati wowote. Nilikwambia upime damu maabara ya hapo kwenu, unisomee namba, nikwambie vidonge vingapi. Ukafurahi, ukasema ndiyo raha ya kuwa na daktari wenu nyumbani. Dawa ile ya kuifanya damu iwe nyepesi ni ya kufuatiliwa kwa karibu, kipimo kikikosewa damu inakataa kuganda, hilo nalijua hata nikiamshwa usingizini. Miezi miwili nimeipima kwa simu, kupitia maabara nisiyoijua. Uliponiambia una madoa kama umefinywa, nikakwambia ni kawaida. Haikuwa kawaida. Shemeji aliponisimulia kwamba pua imetoka damu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na amebadilisha beseni mara mbili, nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nimekuua kwenye karatasi, na sasa nilikuwa naimalizia kazi yenyewe kwa mikono yangu.

Basi nisikilize. Jumatatu hii utakuja kliniki, na shemeji akusindikize. Nimeanza mafunzo wiki hii, na Jumatatu nimepangiwa kliniki ya Profesa. Jina lako nimeliandika mwenyewe kwenye daftari la nesi, wewe ni wa nne. Nesi alipotoa faili alisema huyu mshonaji kapotelea wapi.

Nakujua. Kufikia hapa kwenye barua utakuwa umeshaanza kupanga. Utasema kuna hospitali nyingine, utasema Profesa si lazima, utasema mtoto amehangaika sana asipoteze nafasi yake kwa jambo la karatasi. Uko radhi ubaki marehemu maisha yako yote ili mimi niwe daktari bingwa, na utawasimulia wateja wako kama kichekesho. Ulinibeba mgongoni, ulinivusha shule, ulinishonea kila nilichovaa mpaka nikafika chuo, na hili nalo ungelibeba bila hata kuniuliza. Safari hii nakataa. Moyo wako unahitaji kliniki ile, na kuna mzee anakuombolezea bure. Ameanza kuwaita wagonjwa wake wa zamani mmoja mmoja awapime upya, na wanafunzi anawaambia habari zako kwenye mzunguko wa wodi, mimi nimesimama hapohapo nasikia.

Nimejaribu kumwambia. Jana nilifika mlangoni kwake, mkono nimeunyanyua nibishe hodi, akafungua yeye. Akanipa kiti, akaniuliza Mama anaendeleaje tangu msiba. Nikasema hajambo. Nakwambia hili ili ujue umemlea mtu wa namna gani. Usipokuja, nitamwambia Jumatatu hiyohiyo kabla ya saa sita, mbele ya wote, potelea mbali. Lakini afadhali akuone unapumua kuliko asikie kutoka kwangu, maana kwa nini aniamini tena mimi kwa lolote?

Nafasi wataichukua, na haki yao. Leseni sijui. Ukitaka kunitukana, nitukane, ila usinyamaze, kunyamaza kwako siwezi. Mama usimwambie mpaka nije mwenyewe.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Wanao wote wabusu, na yule mkubwa mwambie amheshimu mwalimu wake. Wanafunzi wako wa kushona wape salamu zangu. Shemeji mshukuru kwa siku ile ya beseni, na ikibidi umsomee barua hii, msomee yote, usiruke kitu kwa ajili ya kunisitiri.

Jumatatu uwahi, saa mbili, chumba namba tisa. Beba kadi yako na vidonge vyote ulivyobakiwa navyo. Ukiitwa, utanikuta nimesimama nyuma ya kiti chake. Mimi usinisalimie kwanza. Msalimie yeye, umtajie jina lako lote, na akiuliza mimi ni nani wako, mwambie.

Ni mimi,
mdogo wako.